Pete ya Umwiza

Goma, tarehe 12 mwezi wa sita 2001

Yaya Apolline, dada yangu mukubwa,

Barua hii inabebwa na sista mumoja anayepitia Kigali, kwa hiyo naandika haraka lakini nitaandika yote. Mimi ni muzima. Mama yuko Butembo, goti lake bado linamusumbua, lakini anakwenda misa kila Jumapili na fimbo. Habari hizo zina wiki tano. Zilizunguka Kasindi na Uganda ndipo zikanifikia, kwa sababu barabara ya Kanyabayonga haipitiki. Huku kuna waasi hawa, kule waasi wale, na kila upande una muhuri wake. Mama hajaonana nami miaka mbili sasa, na si mbali hata siku mbili kwa gari.

Mutoto wako Victoire amefikia darasa gani? Mwambie mujomba wake bado anamutunzia ile saa ndogo ya kijani.

Sasa jambo lenyewe. Nataka kuoa. Nina miaka makumi tatu na moja, kibanda changu cha saa hapa Murara kinanilisha, nimechoka kula peke yangu. Musichana anaitwa Umwiza. Ni muuguzi katika kituo kidogo cha uzazi kule Mabanga. Alileta saa yake ya mukononi kwangu, maji yaliingia ndani wakati wa kuzalisha. Baba yake, muzee Nzabonimpa, ni katekista huko Rutshuru. Mama yake ni Pascasie.

Najua kwamba bwana yako Evariste alifia barabara ya Rutshuru. Najua pia wale waliosimamisha gari lake walisema lugha gani, ileile ya kwao Umwiza. Umwiza wakati ule alikuwa musichana wa shule, miaka kumi na tisa. Naandika hili mara moja tu, ili usiseme nililificha.

Yaya, siku ya fiançailles, ya kumuvika pete ya uchumba, nitasimama mbele ya ukoo wake muzima, na nyuma yangu hakutakuwa na mutu. Baba amekufa, ndugu yetu Benny amekufa, mama hawezi kufika, wewe uko Ulaya. Ndiyo sababu naomba pete ichaguliwe na wewe, mukubwa wetu. Wakiiona watajua kwamba niko na watu.

Nataka almasi, lakini ya zamani. Iwe imechimbwa na kukatwa kabla sisi hatujazaliwa. Wewe unajua shimo la Bafwasende lilimufunika Benny akiwa anatafuta nini. Hapa tunaona mawe yanapanda ndege, na ndege ileile inarudi na masasi ya bunduki. Sitaki jiwe la namna hiyo likae mukononi mwa mutoto wa watu. Wewe unafanya usafi katika atelier ya muzee Lievens, fundi wa mapambo huko Anvers, kila siku unapita kati ya mapambo ya zamani. Macho yako yanajua.

Na kitu kingine. Umwiza anavaa gants, glavu za wauguzi, kutwa nzima. Pete yenye kucha zinazoshika jiwe juu itazipasua. Fikiria hilo unapochagua. Rafiki yetu Charline atakupa feza niliyoweka, yeye anatoka Kigali kuja Bruxelles mwezi ujao.

Ni mimi mudogo wako,
Florent Kamate


Anvers, tarehe 3 mwezi wa munane 2001

Mudogo wangu Florent,

Barua yako ilinifikia mwisho wa mwezi wa saba, ikiwa na harufu ya sabuni ya yule sista. Nilifurahi kuona mwandiko wako. Victoire yuko sekondari mwaka wa kwanza. Sasa ananijibu kwa kiflama, lugha ya huku, na mimi namujibu kwa kinande chetu, hakuna anayeshinda. Mgongo wangu unauma kidogo, ni kazi ya kuinama. Huku kuna joto mwaka huu, watu wanalala kwenye majani ya bustani kama wagonjwa.

Charline alifika, nimepokea.

Nilimuonyesha muzee Lievens maneno yako, nikamutafsiria. Ni muzee wa miaka sabini na kitu, hana haraka. Alinikalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akaweka kioo cha kukuza mbele ya jicho langu. Tangu nimeanza kufagia pale ilikuwa mara ya kwanza kukaa.

Ana mawe mawili yanayoweza kukufaa. La kwanza lilitolewa kwenye broshi ya kifuani ya bibi mumoja wa Uholanzi. Chini ni bapa kama sahani, juu limechongwa vipande vya pembe tatu vinavyokutana katikati. Wanaita rose. Linang'aa polepole, rangi yake ni ya maji ya muvua. La pili ni nene, pembe zake zimezungushwa kama muto wa kulalia. Lilikatwa kwa mukono, zaidi ya miaka mia sasa, kwa hiyo pande zake hazilingani sawasawa. Ukiliangalia kutoka juu unaona kitone kidogo katikati, mahali ncha ya chini ilipokatwa. Lina umanjano kidogo sana. Na ukingoni limemeguka, ukubwa wa punje ya chumvi.

Muzee anasema mawe ya leo yanakatwa kwa ajili ya taa za duka, lakini haya yalikatwa kwa ajili ya mushumaa. Ukiyaweka chini ya balbu kali yanalala.

Juu ya namna ya kulishika, alinielewa haraka. Alisema tuache kucha. Jiwe lizame ndani ya zahabu, na ukingo wa zahabu ulizunguke lote, bila kitu cha kukwaruza. Kwa jiwe la pili ukingo huo utafunika mahali palipomeguka.

Nitumie kipimo cha kidole. Funga uzi, kata, bandika kwenye karatasi. Na uniambie kama mama amekubali. Jambo la kuoa halitaki mbio.

Dada yako,
Apolline


Goma, tarehe 20 mwezi wa kenda 2001

Yaya,

Nimepokea. Mama amekubali. Alituma neno kwa dereva wa lori la ngano: "Mwambie Kamate aoe nikiwa bado naona." Alituma pia kitenge cha kumupa mukwe wake. Nadhani hilo linajibu swali lako.

Nilimusomea Umwiza barua yako kibandani, Jumapili baada ya misa. Nilimusomea yote, hata kuhusu mgongo wako. Alikaa juu ya kile kisanduku ninachowekea saa zilizokufa. Nilipofika kwenye mushumaa akacheka.

"Jiwe linalotaka mushumaa," akasema, "basi lilikatwa kwa ajili ya Goma."

Nikamuuliza, "La kwanza au la pili?"

"Lile lililomeguka."

"Kwa nini uchague lenye kasoro?"

"Lile lingine ni la kutazamwa. Hili limeshakaa mukononi mwa mutu aliyefanya kazi. Mwambie yaya yako kwamba zahabu ikifunika pale palipomeguka ni sawa, lakini mimi nitajua kwamba pako."

Kisha akaichukua barua na kuipitia tena mwenyewe, kutoka juu mpaka chini. Anajua Kiswahili vizuri kuliko mimi. Alipoirudisha akaniuliza, "Jina langu liko wapi?"

Yaya, mimi mwenyewe sikuwa nimeona. Karatasi mbili, na jina lake halimo hata mara moja. Nilimwambia umesahau. Naomba barua ijayo usisahau.

Uzi huu mwekundu ndio kipimo. Ni kidole chake cha mukono wa kushoto, tulipima muchana wakati vidole vimejaa. Siku imepangwa: tarehe 29 mwezi wa kumi na mbili, Rutshuru, kwa wazazi wake. Baada ya hapo hatarudi Goma. Kuna nafasi ya kazi inamungoja katika hospitali ya kule, na baba yake anataka abaki nyumbani mpaka harusi. Mimi nitakuwa nikipanda Rutshuru kila mwisho wa wiki kama wachumba wote.

Hapa maisha ni yaleyale. Askari wanaleta saa walizonyang'anya watu, wanataka nizipunguze mikanda. Natengeneza. Sina la kufanya.

Florent


Anvers, tarehe 15 mwezi wa kumi na moja 2001

Mudogo wangu,

Nakusalimu, na wote wa nyumba yako. Victoire alikuwa na homa lakini imepita. Tumeanza kuwasha chaufaji, ile mashine ya joto ya nyumba. Watu wa huku bado wanazungumzia mambo ya Amerika tu, ukiwa mugeni ndani ya tramu wanakuangalia mara mbili.

Kuhusu pete nina habari mbaya kidogo. Muzee Lievens alianguka kwenye ngazi ya atelier, mukono wake wa kulia umefungwa. Jiwe liko, zahabu iko, lakini hakuna wa kuliweka. Kijana wake hana uzoefu wa mawe ya zamani. Anaogopa kuupiga ukingo, jiwe lisije likapasuka palepale palipomeguka. Inabidi kungoja.

Sidhani itawezekana kabla ya Noeli. Labda mwezi wa kwanza, labda wa pili. Musongeze siku mbele. Familia yenye heshima itaelewa. Na wewe tumia nafasi hiyo kufikiri. Vita hivi havijaisha, na mutu hajui nani atakuwa upande gani kesho.

Umwiza asikasirike.

Dada yako,
Apolline


Goma, tarehe 16 mwezi wa kumi na mbili 2001

Yaya,

Muzee Lievens apone. Nimemuombea misa pamoja na Benny, Evariste na baba.

Nilipanda Rutshuru mwenyewe kumuona muzee Nzabonimpa. Tulisimamishwa mara ine njiani. Nilimueleza kwamba pete itachelewa. Ni mutu wa maneno machache. Alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo, hakuacha kuchambua.

"Pete inatoka wapi?" akauliza.

"Kwa dada yangu, Ulaya. Yeye ndiye mukubwa kwetu."

"Na dada yako anamutaka mutoto wangu?"

Nikajibu, "Ndiyo, papa."

Akasema basi tuweke tarehe 26 mwezi wa kwanza, lakini isipite hapo. Kule hospitali wamekubali kumungoja Umwiza mpaka mwisho wa mwezi huo. Kwa hiyo anabaki Mabanga kwa sasa, Noeli atakuwa zamu.

Umwiza hakukasirika. Amenyamaza tu. Volkano nayo haijatulia, kule juu tunaona wekundu kila jioni, lakini tumezoea.

Charline atakuwa Bruxelles kuanzia tarehe 5 mwezi wa kwanza, atarudi Kigali tarehe 20. Yaya, nakuomba. Ikiwa tayari, umupe yeye.

Florent


Anvers, tarehe 24 mwezi wa kwanza 2002

Florent,

Niandikie. Hata neno moja. Tangu wiki iliyopita niko mbele ya televisheni. Wanaonyesha moto ukipita katikati ya muji, mweusi juu, mwekundu chini, na watu na magodoro kichwani wanakwenda Gisenyi. Nilitafuta barabara ya Murara, sikuitambua. Juzi wamesema kituo cha mafuta kimelipuka na watu ndani yake. Napiga namba ya jirani yako, hailii. Napiga Kigali, Charline hayuko.

Mama ametuma neno kupitia mapadre. Anauliza kama bado ana mutoto mwanaume. Nitamujibu nini?

Pete iko. Usifikirie pete. Niambie kwamba muko hai.

Apolline


Goma, tarehe 10 mwezi wa pili 2002

Yaya,

Niko hai. Mwambie mama.

Tarehe 17 muchana watu walianza kusema moto umetoka kwenye ubavu wa mulima. Jioni ulifika muji. Haukimbii, yaya. Mutu muzee anaweza kuutangulia kwa muguu. Ila haugeuki, wala hausimami. Nilitoka na koti na kisanduku kimoja cha vyombo. Nyuma yangu nilisikia mabati yakilia. Tulilala Gisenyi nje, siku tatu. Halafu watu wakarudi wakipita juu ya mawe ambayo bado yalikuwa ya moto. Kandambili zangu ziliyeyuka.

Kibanda hakiko. Kiko chini, nadhani metre mbili. Nilikuwa na saa makumi ine na moja za watu. Wanakuja, wanasimama juu ya jiwe, wananiuliza saa yangu. Wengine hawaulizi, wanasimama tu.

Nyumba ilibaki. Moto ulipita nyuma ya choo. Nimewapa vyumba watu wa mutaa wa Mapendo waliopoteza vyao, tuko kumi na mbili.

Mwalimu Achille, jirani yangu, anakusalimu. Wewe unamukumbuka, alikuwa akicheza mupira na Benny.

Pete usiitume.

Florent


Anvers, tarehe 2 mwezi wa tatu 2002

Mudogo wangu,

Barua yako ilinifikia jana. Lakini Charline alikuwa ameshanipigia simu tangu tarehe 12 mwezi wa pili, akaniambia habari ya kifo. Kwa hiyo niliisoma nikijua. Nilisoma juu ya choo, juu ya saa za watu, juu ya Achille. Nikatafuta jina la muchumba wako, halimo. Nikaelewa vile yeye alivyojisikia siku ile kibandani.

Umwiza. Nimeliandika. Umwiza, mutoto wa Nzabonimpa na Pascasie, muuguzi.

Kuna jambo lazima nikuambie, na nikingoja kidogo sitaliandika. Muzee Lievens hakuanguka. Hana kitu, alikuja kazini kila siku. Pete ilikuwa tayari tarehe 9 mwezi wa kumi na moja. Aliiweka kwenye kiganja changu akasema ni kazi nzuri kuliko zote za mwaka huu. Niliileta nyumbani, nikaiweka ndani ya kikombe, kikombe nikakiweka nyuma ya sukari. Siku sita baadaye nikakuandikia uongo. Charline alipopita mwezi wa kwanza akaniuliza kama nina kitu cha kutuma, nikamupa soksi.

Sikumuchukia yeye. Sikumujua hata. Kila mara nikianza kuandika jina lile, namuona Evariste na magunia yake ya maharagwe, naona viatu vyake walivyoniletea. Nilisema moyoni: nikichelewesha kidogo watachoka, kila mutu atabaki kwao. Nilitaka mukosane. Hilo tu ndilo nililotaka.

Kama ningeituma, mungekutana Rutshuru tarehe 29. Angebaki kule. Moto haukufika Rutshuru.

Nimehesabu siku hizo mara nyingi. Sikuombi chochote. Nimekuambia kwa sababu wewe utakuwa unajilaumu, nakujua, na lawama si yako.

Apolline


Goma, tarehe 14 mwezi wa ine 2002

Apolline,

Nilisoma barua yako mara moja, nikampa Achille aitunze, kwa sababu sikutaka ilale nyumbani.

Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, kwa sababu lazima ujue.

Usiku ule wa moto Umwiza aliwatoa wazazi wote kituoni. Wanawake tisa, wawili walikuwa wamejifungua siku ileile. Aliwapeleka Gisenyi kwa muguu, na mutoto mumoja ndani ya blauzi yake. Tarehe 20 wakarudi, kwa sababu kule hakukuwa na paa wala maji. Jumatatu tarehe 21 kulikuwa na mama mumoja, mutoto amelala vibaya tumboni, na daktari alitaka taa. Jenereta haikuwa na mafuta. Watu walikuwa wanasema kuna kituo cha mafuta ambako kila mutu anachota bure. Umwiza akachukua bidon ya kuchotea mafuta. Mulinzi alitaka kwenda yeye, Umwiza akamwambia wewe ni muzee, huko wanasukumana.

Lava ilikuwa imezunguka pale, bado ya moto. Mimi nilikuwa Murara nikichimba kwa chuma mahali nilipodhani ni kibanda. Nilisikia mulipuko. Niliendelea kuchimba, Apolline. Sikujua.

Waliozikwa pamoja ni wengi. Hatukuweza kumutambua kwa uso. Saa yake niliitambua, ile niliyotengeneza. Nilimupa baba yake.

Yule mama alijifungua salama kwa mwanga wa tochi.

Sasa nisikilize. Umesema lawama si yangu. Hujui. Nilipomuletea barua yako ya uongo, ile ya mwezi wa kumi na moja, Umwiza aliniambia twende Rutshuru tarehe 29 hivyohivyo. Alisema, "Nifunge ule uzi mwekundu kidoleni, itatosha. Pete itakuja ikitaka." Nikakataa. Nilisema siwezi kusimama mbele ya ukoo wake na uzi, kama mutu asiye na kwao. Akasema, "Florent, mimi ndiye nitakayevaa, si wao." Nikakataa tena. Alinyamaza tangu siku hiyo. Nilikuandikia kwamba amenyamaza tu, sikukuandikia kwa nini.

Wewe ulichelewesha. Mimi niliambiwa nisingoje, nikangoja.

Nilikwenda matanga Rutshuru. Nilipofika kwenye mulango wa parsela, uwanja wa nyumba yao, kulikuwa na viti vya ndugu upande wa nyumba, na vya majirani na wafanyakazi wenzake upande wa barabara. Kijana aliyekuwa akikalisha watu hakunijua. Alinipeleka upande wa barabara, nikakaa na walinzi wa kituo. Mama Pascasie alipita mbele yangu mara mbili. Jioni muzee Nzabonimpa alikuja kushukuru wageni, mumoja mumoja. Alipofika kwangu alinitazama sana, kisha akauliza mbele ya watu, "Wewe ni nani kwake?"

Alikuwa ananijua. Nilikula kwake. Lakini hakukuwa na pete, hakukuwa na siku, hakukuwa na neno lililosemwa mbele ya watu.

Nikasema, "Fundi wa saa."

Akatikisa kichwa akaendelea kwa mwingine.

Usimwambie mama mambo ya kikombe. Ana miaka sabini. Na usiniandikie. Ikifika barua yako sitaifungua. Sijui mpaka lini.

Florent Kamate


Anvers, tarehe 19 mwezi wa kumi na moja 2002

Mudogo wangu,

Uliniomba nisiandike. Nimekaa miezi saba. Kama mama hangekuwa anauliza, ningekaa zaidi. Mama ni muzima, anasikia kwamba unafanya kazi ya kuvunja mawe ya lava kwa ajili ya kujenga, anauliza kama mikono yako bado itaweza saa.

Nilifanya jambo bila ruhusa yako. Mwezi wa saba nilimuandikia muzee Nzabonimpa. Nilimuandikia kwa Kiswahili, ukurasa mumoja. Nilimwambia mimi ni nani, nani aliniulia bwana na wapi, na nilichokifanya. Nilimwambia kwamba mutoto wake alikuwa amechumbiwa na mutu mwenye dada na mwenye mama, na kwamba dada ndiye aliyeziba njia. Nilimupa Charline barua hiyo pamoja na pete, akavuka nayo kutoka Kigali, akaifikisha mukononi mwake. Charline anasema muzee aliifungua palepale uani, akaitazama pete kwenye jua. Akasema jiwe halionyeshi kitu. Charline akamwambia ni la mushumaa. Muzee akaifunga tena kwenye kitambaa, akaingia ndani. Hakusema atafanya nayo nini, na mimi siulizi.

Alikaa miezi tatu bila kujibu. Nikajua hatajibu, na nikaona ni haki yake. Nilikuwa nikienda kazini, nikirudi, nikimupikia Victoire. Mutoto ananiuliza kwa nini siweki tena sukari ndani ya chai. Namwambia ni daktari.

Jana jibu limefika. Mistari mitatu, kwa kalamu ya bic, kwenye karatasi ya daftari la katekisimu. Hakuna salamu ndani yake na hakuna msamaha, usifikiri nimesamehewa. Hakuandika kwangu kama mutu anavyomuandikia mutu. Lakini mistari hiyo ni yako, si yangu:

"Kijana wako nilimuuliza ni nani kwa mutoto wangu, akasema fundi wa saa. Mwambie tarehe 21 mwezi wa kwanza tutasoma misa ya mwaka. Aje, nimuulize tena mbele ya watu."

Florent, mimi sitakuwepo, na sistahili kuwepo. Hata wewe sikulazimishi. Sijui kama moyo wako bado una nguvu ya kukaa katika uwanja ule. Sijui kama yeye atakuuliza kwa upole au kwa hasira. Charline mwenyewe hakuweza kusoma uso wake.

Wala sijui kama utafungua barua hii, kwa sababu ulisema hutafungua. Basi maneno ya muzee nimeyanakili tena kwa wino mweusi nyuma ya bahasha, kwa nje, na tarehe nimeipigia mustari. Hata usipofungua, utakuwa umeyasoma.

Apolline